"Mkimbizi" Si Jina la Mchoraji

Nilimkuta mwalimu wangu ukutani, kwenye mwezi wa tisa. Nilikuwa nimeenda ofisi moja kuuliza karatasi za mdogo wangu, wakaniambia kaa usubiri, na mtu anayesubiri atasoma hata kalenda. Ndipo nikamwona. Mbuzi wawili juu ya paa la shitingi, mmoja ameinamisha kichwa kama anasikiliza maneno ya ndani ya nyumba. Ule weusi wote ni masizi ya sufuria na gundi. Nayajua masizi yale kwa sababu niliyakwangua mimi, nikiwa na miaka 14, na mama alinipiga siku hiyo kwa kuchafua shati la shule. Chini ya picha wameandika: "Kazi ya mkimbizi, Rwanda."

Basi. Jina hakuna, mwaka hakuna, kambi hakuna. Mbuzi wamepewa mwezi mzima wa siku 30, mwenye mbuzi hakupewa hata mstari.

Nikasimama nikasogea karibu. Mwalimu alikuwa na sahihi yake: pembeni, chini upande wa kulia, anachonga samaki mdogo, sambaza, mrefu kama kucha. Samaki hayupo. Aliyetengeneza kalenda amekata vidole viwili vya upande ule ili picha ikae sawa na tarehe.

Ofisi yenyewe siitaji. Ugonjwa huu si wa ofisi moja, na nikiitaja hiyo moja zingine zote zitasoma gazeti letu zikinywa chai kwa amani. Nataka zote zisome bila amani. Na wenzangu wa kambini msicheke bado, zamu yenu inakuja.

Mwalimu alifika Kiziba mwaka 1996, mwaka ule kambi ilipofunguliwa pale juu mlimani Karongi. Sisi watoto tulifika nyuma yake. Kwao ni Masisi. Zamani Goma alikuwa fundi wa mabango: saluni, bucha, kanisa, basi la abiria, kila kitu alikiandika. Kambini mabango ya kuandika hayakuwepo, akaanza kuchora juu ya magunia ya unga, halafu akaanza kuchonga mbao. Mbao za benchi lililovunjika, za kitanda, za sanduku la sabuni. Patasi zake zilikuwa vyuma vya mwavuli. Ukikata kile chuma kwa upande na kukinoa kwenye jiwe, kimfereji chake kinachimba mbao safi kabisa, jaribu uone. Unapaka wino, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Ukibandua karatasi, aliyekuwa kushoto yuko kulia. Mara ya kwanza nilidhani ni mazingaombwe.

Amekufa 2015. Mwaka huu ametimiza miaka 10. Mimi siku hizi naishi Nyamyumba, huku Rubona. Naandika majina kwenye mitumbwi, na chapa zangu nauzia wageni wanaoshuka kuoga kwenye maji ya moto. Nikasema, hapana, mzee wangu hawezi kupita miaka 10 kimya. Nitamfanyia maonyesho. Si Karongi, maana hapo hata pa kukaa ni shida, ila hapa kwetu ziwani. Fundi mmoja wa mitumbwi akakubali kuniazima banda lake kwa siku tatu. Nikaanza kukusanya kazi za mzee.

Miezi saba nimezunguka. Nimepata vitu vinne. Mtu aliyechora na kuchonga karibu miaka 20, ambaye hata siku ya posho alipanga foleni na ubao mapajani, amebakiza vitu vinne. Cha tano ni kalenda, na hiyo wamekataa kunipa kwa sababu mwaka haujaisha.

Kuna mtu ataniambia: maonyesho ya kumbukumbu ni mambo ya nchi zenye makumbusho, weye unatafuta nini huko? Sawa. Twende huko kwa wenye makumbusho tuone walianzia wapi.

Kijana mmoja aliyekuja kujitolea kutufundisha kuchora aliniachia kitabu kizito kama matofali mawili, cha Edvard Munch wa Norway. Ni yule aliyechora mtu kashika mashavu darajani anapiga yowe. Hata kama hujui jina, hiyo picha umeiona. Mwaka 2013 wenzake walitimiza miaka 150 tangu azaliwe, na pale Oslo majumba mawili yaligawana maisha yake. Nasjonalgalleriet ilichukua kazi za mwaka 1882 hadi 1903, na Makumbusho ya Munch ikachukua za 1904 hadi 1944, mwaka aliokufa. Kuanzia Juni mpaka Oktoba. Picha za rangi zilizidi 200, mbali na kazi za karatasi. Mtu anaingia mlango mmoja na kijana wa miaka 18, anatokea mlango mwingine na mzee wa miaka 80.

Nimekaa na hilo kwa siku nyingi. Picha nzuri hata sisi tunazo. Kilichonisumbua ni ule mpangilio. Kuweza kusema, hii aliichora kabla ya ile, hapa alikuwa mgonjwa, hapa aliirudia tena. Walipata wapi uwezo huo? Kwanza mwenyewe hakutupa kitu. Mwaka 1940 Wajerumani wameshaingia Norway, na yeye mzee peke yake nyumbani, akaandika wosia kwamba kazi zote zilizo mikononi mwake ziende kwa mji wa Oslo. Alipokufa tarehe 23 Januari 1944 walikuta picha za rangi zaidi ya 1,000 na chapa zaidi ya 15,000. Elfu kumi na tano! Mji ukazipokea, ukajenga nyumba, na nyumba ikafunguliwa 1963, miaka 100 tangu azaliwe. Kwa hiyo yale maonyesho ya 2013 yalianza pale mzee mmoja alipokataa kutupa na mji mmoja ulipokubali kubeba. Tarumbeta zilikuja mwisho kabisa.

Tena mniruhusu niseme kidogo juu ya chapa zake za mbao, maana hapo njo roho yangu ilipo. Alianza kuchonga mwaka 1896. Wengine walikuwa wakitaka rangi tatu, wanachonga mbao tatu. Yeye alichukua msumeno mwembamba akaukata ubao wenyewe vipande vipande, anga kipande chake, bahari kipande chake, mtu kipande chake. Kila kipande anakipaka rangi yake, anavirudisha pamoja kama watoto wanavyopanga vigae, anapiga chapa mara moja. Na katika ile ya watu wawili wanaobusiana, mishipa ya mbao yenyewe imepita juu ya watu kama mvua. Mwalimu wangu hakuwahi kumsikia Munch. Lakini alikuwa na ubao wa mtumbwi wa zamani, umeliwa na maji mpaka mishipa imesimama, na alikataa kuulainisha. Aliniambia: "Uache. Hiyo ni mvua ya bure." Nilipokutana na lile busu kitabuni niliruka kitandani.

Siandiki haya kwa wivu. Huyu Munch hakula raha. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu yeye akiwa na miaka mitano, dada yake akafuata kwa ugonjwa ule ule. Mwaka 1937 serikali ya Hitler iliondoa kazi zake 82 kwenye makumbusho ya Ujerumani, eti ni sanaa iliyooza. Na tabia zake, acha tu! Alikuwa anaziweka picha nje zinyeshewe na kupigwa na theluji makusudi, akisema ni tiba ya farasi, picha itakayopona ndiyo nzima. Mwalimu angecheka sana. Kwetu mvua haingoji mtu aitoe picha nje. Inaifuata ndani.

Sasa tufike kwenye tarehe. Kumbukumbu ya miaka inataka tarehe, huwezi kuhesabu kutoka hewani. Munch alizaliwa tarehe 12 Desemba 1863. Na sisi je? Toeni karatasi zenu muangalie. Mtaani kwetu Kiziba tulikuwa watu wengi mno tuliozaliwa tarehe 1 Januari. Mama yangu 1 Januari, jirani 1 Januari, mchungaji 1 Januari, yule aliyemwibia mchungaji, naye 1 Januari. Hujui siku yako? Basi mwandikishaji anakupa hiyo, foleni iende. Simlaumu, jua lilikuwa kali na watu walikuwa mingi. Lakini angalieni kilichotokea kwa mwalimu. Karatasi yake ilisema 1 Januari 1945. Yeye mwenyewe alisema alizaliwa wakati moto wa Nyamulagira ulipofika ziwani. Mlipuko huo unajulikana, ulianza 1938, na lava ilishuka mpaka Kivu upande wa Sake. Kwa hiyo mzee alipotezewa miaka kama sita kwa kalamu moja. Kitu kidogo? Mtu aliyezaliwa na volkano mmemwandika kazaliwa na mwaka mpya.

Na msiniambie hayo ni ya Ulaya, huku kwetu wachoraji wa kukumbukwa hawakuwepo. Lubumbashi alikuwepo Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, picha 101, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kama mwalimu wangu. Wafalme wa zamani wamo, Wabelgiji wamo, Lumumba yumo, Katanga kujitenga, Mobutu, mpaka mambo ya mbele ambayo hayajatokea. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa anafundisha chuo kikuu pale, alizinunua, akakaa na Tshibumba na kinasa sauti, naye akazieleza kwa Kiswahili. Kiswahili chetu cha Kongo, si kile cha redio ya Dar es Salaam. Mwaka 1996 kitabu kikatoka, na maneno ya mchoraji yamo ndani. Fabian nampa haki yake: aliandika jina, aliandika tarehe, aliandika mtu alisema nini. Picha leo ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyojulikana miaka mingi kwa jina la Tropenmuseum.

Lakini Tshibumba mwenyewe? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zinakatika. Tarehe ya kufa kwake haijulikani. Mtu aliyeandikia taifa zima tarehe zake, yake hatuna. Picha zina kabati, zina joto la kipimo, zina mlinzi usiku. Mwenyewe hatuwezi kumfanyia hata kumbukumbu ya kufa. Na huyo ndiye aliyebahatika! Alipata mtu wa kuandika.

Najua mtakachonijibu, ninyi wa mashirika, maana nimeambiwa ana kwa ana. Baada ya kalenda nilirudi ofisini, nikamkuta dada mmoja mpole, Mnyarwanda, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Kaka, majina tunayaficha kwa usalama wenu. Mtu akitambulikana, familia yake iliyobaki nyuma inaweza kupata shida." Hilo si jibu la kijinga. Ninalijua kuliko yeye. Mtaona kwamba hata mimi katika ukurasa huu sijamtaja mwalimu kwa jina. Wana wake wawili wako bado upande wa Masisi, na hali ya kule mwaka huu mnaijua. Sijaweza kuwafikia niwaulize.

Lakini tofauti ni hiyo hiyo: kuuliza. Mimi nimekaa na jina la mzee mdomoni miezi saba, linaniwasha, nangoja ruhusa. Ninyi mlimuuliza nani? Alipokuwa hai, mwenye akili zake, angalisema "andika" au "usiandike". Au angalisema, "weka samaki tu." Samaki hamfichui mtu yeyote. Kwa nini samaki akakatwa? Hakuna mwanajeshi Masisi anayetafuta sambaza wa kuchongwa. Kumficha mtu kwa ajili yake ni jambo moja. Kumficha kwa sababu hukujisumbua kumuuliza jina, halafu ukaliita ulinzi, hilo ni jingine, na sisi tunayatofautisha vizuri sana.

Na usalama huo una maajabu yake. Mtoto akichorwa analia, uso wake unawekwa mzima mzima kwenye ripoti, macho mpaka kope. Uso si utambulisho? Jina la mchoraji ndilo hatari?

Hapa niseme pia juu ya mada. Kila mwaka kabla ya 20 Juni tunaitwa. Karatasi nyeupe nzuri zinagawiwa, rangi mpya, juisi na biskuti, halafu mtu anasimama anasema: mada ya mwaka huu ni matumaini. Au amani. Au pamoja tunaweza. Basi wote tunachora njiwa. Nimechora njiwa wengi sana katika maisha yangu, na njiwa wenyewe sijawahi kuwafuga. Mikono miwili inashikana, mmoja mweusi, mmoja mweupe. Jua linachomoza nyuma ya hema. Mwalimu alikuja mara moja tu. Akachonga wanaume wanne wanabeba godoro moja kupandisha mlima, na wa tano yuko nyuma anawapa maelekezo, hajabeba kitu. Watu walicheka mpaka machozi kwa sababu tulimjua huyo wa tano. Msimamizi akauliza: "Matumaini yako wapi hapa?" Mzee akajibu: "Wanafika." Hawakuitundika.

Turudi kidogo Oslo. Mle ndani ya majumba yale mawili kulikuwa na dada anayekufa, kulikuwa na wivu, ulevi, usingizi uliokataa kuja. Munch alichora jua pia, kubwa ajabu, kwa ajili ya ukumbi wa chuo kikuu, na likawa jua kweli kwa sababu alilitaka mwenyewe. Hakuna aliyempa juisi na kumwambia achore matumaini. Sisi kwenye ripoti tunaombwa kulia, kwenye kalenda tunaombwa kucheka, na mbuzi wa mzee waliponea tu kwa sababu mtu aliona wanachekesha.

Bon. Nimewasema wa mashirika, na huko kambini nasikia mnapiga makofi. Acheni makofi.

Nilipanda Kiziba mwezi wa tatu kwa mjane wa mwalimu. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akauliza habari za watoto. Nikamwambia, mama, natafuta zile mbao za mzee, zile za kuchonga. Zilikuwa kama 60 chini ya kitanda, nilizihesabu mimi mwenyewe nikiwa kijana. Akanyamaza. Akaangalia jiko.

"Mtoto wangu," akasema, "ile mbao ilikuwa imekauka muzuri. Mvua ilinyesha siku tatu na kuni ikakosa. Nilipikia maharagi. Kisha nikapikia tena. Ningejua je?"

Angejuaje, kweli? Nani alimwambia? Mimi niliyezihesabu nilikuwa wapi? Nilikuwa Nyamyumba naandika "Mungu ni Mwema" kwenye mtumbwi wa mtu. Sikumlaumu na sitamlaumu. Tumbo la mtoto linashinda ubao. Lakini mbao zile hakuzichoma yeye peke yake. Tulizichoma sisi majirani tuliosema "mzee huyu anachezea mbao kama mtoto". Alizichoma mwanaye mkubwa aliyempa gunia la picha mtu wa kuuza makaa afungie makaa. Walizichoma viongozi wa mtaa waliokuwa wanajaza kila aina ya orodha, orodha ya majiko, orodha ya vyandarua, orodha ya walioharisha, na hata siku moja hawakuona kwamba kuna mtu anastahili orodha ya alichokifanya. Tunadai makumbusho ya wazungu yaturudishie vitu, na sawa tudai. Lakini shuka lililochorwa na shangazi yako tumelifanya tambara la kudekia.

Gihembe ilifunguliwa 1997 ikafungwa 2021, watu wakahamishiwa Mahama. Miaka 24. Kuta zile za udongo, watu walikuwa wanazichora kwa majivu na udongo mwekundu kila sikukuu. Nani alizipiga picha kuta kabla ya kuondoka? Aliyepiga, aliandika nyuma ukuta ni wa nani? Kama yupo, naomba anitafute, nitamshika mkono na kumwomba msamaha kwa paragrafu hii.

Sasa mtasema huyu analalamika tu. Hapana, nina jambo la kuomba, na halihitaji bajeti. Chapa ya mbao si kama mchoro wa rangi. Mchoro ni mmoja: ukiuchukua kwenda Geneva, sisi tumebaki na ukuta mtupu, ukiuacha, Geneva hawaoni. Hapo tutagombana milele. Chapa inaondoa ugomvi huo. Ubao mmoja unatoa karatasi 20, 50. Munch aliachia mji wake chapa elfu kadhaa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo ukija kuchukua moja, piga mbili. Moja nenda nayo, moja ibaki kambini, kwenye maktaba, shuleni, hata kwenye kabati la faili, mradi panya hawafiki. Nyuma ya zote mbili iandikwe kwa penseli mwenyewe anavyotaka kuitwa, jina, au jina la kujipa, au samaki. Mwaka uandikwe, na kambi. Na karatasi ya tatu, ndogo, isemayo nani kachukua na kapeleka wapi. Foleni ya penseli haizidi dakika mbili. Kwa sabuni tunatia sahihi mara tatu!

Na mchoraji usiye na jina la kuandika kwa sababu unaogopa watakucheka, andika hivyo hivyo. Usingoje mtu wa shirika akuone. Mwalimu aliandika, njo maana leo najua kwamba mbuzi ni wa mwaka 2003, hata kama kalenda haijui.

Kigali pale Kanombe kuna Makumbusho ya Sanaa, ndani ya nyumba iliyokuwa ya rais. Nimeingia humo mara moja, nikatembea kimya, mikono nyuma kama mwanafunzi. Niliwaza, siku moja ukuta mmoja hapa. Nusu ukuta. Dada wa ofisini nilipomwambia hivyo alicheka, si kwa ubaya, akasema: "Kaka, kwanza pata kazi zake." Kweli tupu, na iliniuma kwa sababu ni kweli.

Basi nimefikia hapa. Banda liko Rubona, ukipita kiwanda cha bia unashuka upande wa maji ya moto, uliza mafundi wa mitumbwi. Ninavyo hivi: wanawake kwenye bomba, karatasi imechanika kona. Mpira wa miguu kwenye mteremko, golikipa anafuata mpira bondeni. Gunia moja la rangi, soko la Goma kama alivyolikumbuka, nyoya za kuku zimebanduka. Na ubao mmoja tu uliopona kwa sababu ulikuwa umezibia tundu la panya, wale wanaume wa godoro. Huo nitaupaka wino siku ya kwanza na kupiga chapa mbele ya watu, na kila atakayekuja na kazi ya mzee ataondoka na moja.

Sihitaji unipe ulicho nacho. Wewe wa Kiziba, wa Kigeme, wa Mahama, au uliyefanya kazi kwetu miaka ile na sasa uko ofisi nyingine nchi nyingine, angalia ukutani kwako, angalia kwenye sanduku la vitu vya zamani. Kama kuna karatasi ya masizi, tazama chini kulia. Ukimwona sambaza, igeuze usome penseli, unipigie picha pande zote mbili, halafu uniambie ulipewa mwaka gani, na mzee alisema nini alipokupa.